Mwenyekiti Aliyeliliwa Angali Hai

Goretti Akwero alikuwa amebakiza jambo moja tu amalize chuo: mradi wake wa mwisho. Kila mwanafunzi wa kompyuta alitakiwa kutafuta watu wenye tovuti iliyochakaa, awatengenezee sura mpya, kisha mmoja wao aje Jumatano mbele ya watahini aseme kwa kinywa chake kwamba wameikubali kazi hiyo. Wasipokuja wenyewe, mradi hauhesabiwi, na mwaka unarudiwa. Baba yake, Sajenti Okullo, aliyewalea watoto wake wote katika chumba kimoja cha kambi ya polisi, alikuwa anastaafu mwaka huohuo. Mwaka wa kurudia haukuwepo.

Watu aliowapata walikuwa Wakenya. Chama chao kiliitwa Faraja. Mwenzao akifia Kampala, Faraja ndiyo iliyotafuta gari, jeneza na watu wa kumsindikiza hadi kwao, ng'ambo ya mpaka wa Busia. Mwenyekiti, Mzee Byron Oloo, aliuza vipuri vya magari Kisenyi. Katibu, Mama Phelister Nabwire, aliuza viatu katika soko la Owino, na ndiye aliyempokea Goretti siku ya kwanza, huku akipiga rangi kiatu cha mtumba mpaka kikasahau mguu wa kwanza kilioujua.

"Tovuti yetu ni mbaya, najua," alisema. "Lakini pole pole, binti yangu. Watu wetu wameizoea."

Mbaya ilikuwa mbaya kwelikweli. Maua mekundu kila pembe, mshumaa unaowakawaka, njiwa wanaoruka kutoka kushoto kwenda kulia bila kutua, na maandishi yanayokimbia kana kwamba yanafukuzwa na askari wa jiji. Goretti aliwaonea huruma. Watu wanaozika wenzao kwa heshima namna hii, aliwaza, wastahili mahali penye heshima. Basi akawafukuza njiwa, akazima mshumaa, akaacha nafasi nyeupe ya kupumulia. Akawapiga picha viongozi, akaziondolea rangi, kwa sababu tovuti zote alizozipenda zilikuwa hivyo: nyuso za kijivu, tulivu, zenye kuaminika. Juu akaandika, "Pamoja daima." Chini ya kila picha akaweka jina la kiongozi na mwaka aliojiunga na chama: "Byron Oloo, 1994 – hadi leo."

Kwenye kompyuta kubwa ya maabara ya chuo ilipendeza hata wenzake wakasimama nyuma yake kuitazama. Jumamosi asubuhi akaiweka hewani. Mama Phelister akawatumia wanachama wote kiungo chake kwa simu, bila kuifungua kwanza, maana alikuwa na mteja mbishi mkononi.

Mchana, Goretti akifua nguo bombani kambini, simu yake ya vitufe ikalia.

"Goretti! Uko wapi? Mzee ametutoka!" Mama Phelister alikuwa analia.

"Mzee gani, mama?"

"Mzee gani tena? Oloo! Si wewe ndiye uliyemweka pale kwenye tovuti?"

Goretti alisimama na povu likimchuruzika hadi viwikoni. Alifuta mikono, akamwomba jirani yake, mke wa Koplo Odur, simu yake yenye kioo. Akafungua tovuti. Kwenye kioo kile kidogo viongozi wengine walikuwa wamesukumwa huko chini wasikoonekana. Ilibaki picha moja tu, imejaa kioo kizima: uso wa Mzee Oloo, wa kijivu, umetulia. Juu yake, "Pamoja daima." Chini yake, "Byron Oloo, 1994 –", na baada ya kistari hapakuwa na kitu. Maneno "hadi leo" hayakupata nafasi. Simu ilikuwa imeyakata.

"Maskini," mke wa koplo alisema akichungulia begani. "Alikuwa nani wako?"

Nyumba ya Mzee Oloo ilikuwa nyuma ya soko la Kalerwe. Habari ya msiba haisubiri nauli. Goretti alipofika, turubai lilikwisha kufungwa na viti vya plastiki vilikuwa vinashushwa. Wanawake walikuwa wakiomboleza kwa sauti za kupandana. Mama Moreen, mke wa mzee, alikuwa ameketi mkekani, leso mdomoni, macho yametazama mahali pasipo na kitu.

Goretti alipiga magoti mbele yake. "Mama, mzee hajafa. Ni kosa langu. Ni mimi niliyeitengeneza ile picha."

Moreen aliondoa leso mdomoni. "Basi mbona simu yake imezimwa?"

Mzee alikuwa ameondoka alfajiri kwenda Busia kupokea mzigo wa vipuri. Barabara ile kila mtu aliijua, na malori yake. Goretti alijua alichokifanya yeye. Asilolijua ni lile ambalo barabara ilikuwa imelifanya. Akabaki pale pale kwenye mkeka, ameshikwa mkono na mwanamke aliyemliza mwenyewe, wakisubiri pamoja.

Jua lilikuwa limeanza kulala upande wa soko, boda boda iliposimama mbele ya turubai. Abiria wake alikuwa mzee mrefu aliyekumbatia gunia lenye gia. Alishuka, akatazama viti, akatazama watu, akavua kofia.

"Jamani," aliuliza kwa sauti ya chini, "ni nani amekufa?"

Bwana Obura, mweka hazina wa Faraja, mtu wa sauti kubwa hata kanisani, akajibu, "Ni wewe!"

Wengine walicheka, wengine walilia upya, mama mmoja alikimbia. Moreen aliinuka, akamfikia mumewe, akampiga ngumi kifuani kisha akaegemea palepale alipopiga. "Simu yako!" alisema. "Simu yako ilikuwa wapi?"

"Imekwisha chaji," mzee alisema. "Nimekufa kwa ajili ya chaji?"

Lakini kicheko hakikukaa. Kwao, kumtangaza mtu amekufa naye anapumua si mchezo. Ni kumwonyesha kifo njia ya nyumbani. Obura alimgeukia Goretti. "Chuo gani hicho kinawafundisha kuzika watu walio hai? Irudishe ile ya njiwa, leo! Na hiyo Jumatano yako, utakwenda peke yako. Faraja haitatuma mtu." Vichwa vikatikisika kukubali. Mama Phelister aliinamisha macho. Mzee Oloo alipita katikati ya waombolezaji wake, akaingia ndani, akafunga mlango.

Goretti angeweza kuondoka, na miguu yake ilimwomba afanye hivyo. Lakini aliona masufuria: watu waliokuja kulia walikuwa hawajala, na waliokuja kula walikuwa hawaondoki. Goretti akavua viatu, akavuta beseni, akaanza kuosha sahani.

Akiwa palepale kwenye beseni, aliwatazama watu na simu zao, wakionyeshana jinsi habari ilivyowafikia. Hakuwahi kufanya hivyo katika miezi yote ya mradi ule. Hapakuwa na aliyesoma yale maneno mazuri aliyoyaandika kuhusu historia ya chama. Kila mmoja aliifungua tovuti kwa kidole gumba kimoja, mara nyingi mkono wa pili ukiwa umeshika mtoto au mzigo, akitafuta mambo matatu: ni nani, tukutane wapi, nimpigie nani simu. Wasipoyapata, waliifunga.

Moreen alipokuja kuchukua sahani, Goretti alijikaza. "Mama, nisamehe kwa kukuuliza. Ulipoiona, ni kitu gani kilichokufanya uamini?"

Moreen alichuchumaa kando yake. "Rangi," alisema baada ya kufikiri. "Mzee wangu hana utulivu ule. Nilipoona ametulia hivyo, nikajua amekwenda." Akachukua kitambaa, akaanza kufuta sahani pia. "Na kile kistari. Mwaka, kistari, kisha hakuna kitu. Sisi watu wa Faraja tumeviandika vingi vya namna hiyo kwenye misalaba."

Usiku ule Goretti aliirudisha ile ya njiwa, kama alivyoagizwa. Jumapili akaanza tena, pembeni, mahali ambapo hakuna ambaye angeiona ila yeye na atakayempa kiungo. Hakwenda maabara. Alitumia simu ya mke wa koplo, na ya Mama Phelister, na ya muuza chai wa Owino ambayo kioo chake kilipasuka kama mto na vijito vyake. Kila alichokijenga alikitazama humo kwanza. Alirudisha rangi nyekundu, lakini ukanda mmoja tu juu, unaotokea pale tu mtu anapokuwa amefariki; pasipo alama nyekundu, ni kusema wote wazima. Chini yake aliweka yale mambo matatu, kwa herufi ambazo mtu mwenye machozi angeweza kuzisoma. Rangi ya kijivu aliiachia ukurasa wa marehemu, kwa wenye nayo.

Picha za walio hai, alimpelekea Moreen azichague. Moreen alizipitia simuni, akakataa mzee mwenye suti, akakataa mzee mwenye Biblia. Akaisimamisha moja: Oloo na ovaroli la buluu, grisi hadi shavuni, akimkaripia mteja kuhusu gia, mdomo wazi.

"Huyu," alisema. "Huyu hafi hata ukimwambia."

"Mama, atakuja Jumatano?"

"Bado hajaongea na mtu. Na mimi kwenye chama chao ni mke wa mwenyekiti tu, mwanangu. Nitamwonyesha. Zaidi ya hapo sikuahidi."

Jumatano, Goretti alikaa kwenye benchi nje ya chumba cha watahini. Wenzake waliingia na watu wao: mwenye duka la dawa, mkuu wa shule, wote wamechana nywele. Jina lake lilipoitwa, benchi lake halikuwa na mtu mwingine. Aliingia peke yake, akaiwasha kompyuta.

"Wako wapi wenye kazi?" Daktari Filda, mkuu wa watahini, aliuliza.

Goretti alikuwa amefungua mdomo aseme ukweli, mlango ukasukumwa. Mzee Oloo aliingia na suti yake, Mama Phelister nyuma yake akihema kwa ngazi.

"Samahani, madam. Ngazi zenu si za watu wa umri wangu."

"Karibu, mzee. Wewe ni nani katika chama hiki?"

"Mimi ndiye marehemu," Oloo alisema, akaketi.

Akawasimulia yote: turubai, viti, ngumi ya kifuani. Goretti alitamani sakafu ipasuke. Mtahini mmoja alikuwa anaandika sana. "Nilikasirika," mzee alimaliza. "Siku nzima nilikaa ndani na hasira. Halafu mke wangu akanionyesha hii mpya. Nikakumbuka vijana wengi wametufanyia kazi. Walipokosea, walizima simu. Huyu aliosha sahani."

Daktari Filda aliichukua simu yake mwenyewe, akaifungua tovuti kwa kiungo cha Goretti, akaitembeza kwa kidole gumba. Alipofika kwenye ovaroli alitabasamu. "Kwa hiyo mnaikubali?"

"Tunaikubali," Mama Phelister aliwahi.

"Ngoja," mzee alisema. "Kuna jambo. Hapa wanaokufa wana mahali pao. Viongozi wana mahali. Wanaozaliwa wako wapi? Binti yake Obura amejifungua leo asubuhi, hospitali ya Mulago. Kwa nini tuwe watu wa kukutana makaburini tu?"

"Nitawawekea mahali wiki hii, mzee," Goretti alisema.

"Wiki hii ya nini? Kompyuta si hiyo?"

Goretti akamtazama Daktari Filda. Daktari akaisukuma saa yake pembeni ya meza na kukunja mikono. Basi Goretti akainama, vidole vikaanza kukimbia, na mzee akampigia Obura simu, sauti ikiwa wazi chumba kizima kisikie.

"Obura, tuko hapa chuoni. Tunataka picha ya mjukuu wako na jina lake, tumweke mbele."

"Yule msichana yuko hapo?" sauti ya Obura ilinguruma. "Mwambie asimuue na huyu!"

Chumba kizima kilicheka, hata yule aliyekuwa anaandika. Goretti alicheka huku machozi yakimtoka, akaisogelea simu.

"Baba Obura, nitampa rangi zote nilizo nazo. Anaitwa nani?"

Upande wa pili palikuwa na kelele za wodi, mtoto akilia kwa nguvu za mtu aliyefika sasa hivi. Obura alikohoa. Aliporudi, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Nakhisa," alisema. "Andika vizuri, binti yangu. Nakhisa."