Kigoda cha Upande wa Mlango

Kila Jumanne, Kayembe alipoingia na kikasha chake cha sindano, wivu ulimkaba Nyembo. Mtu mzima, mstaafu wa reli, anamwonea wivu tabibu! Lakini ndivyo ilivyokuwa, nami nitaficha nini?

Ilikuwa miezi mitatu tangu kiharusi kimpige mkewe Ngalula na kumlegeza upande wote wa kushoto. Binti yao Gisèle aliolewa mbali, huko Luena, kwa hiyo nani alimwogesha mama? Nyembo. Nani alimsongea bukari, ugali wake wa kila siku? Nyembo huyo huyo, na mama alikula nusu ya sahani tu, nusu nyingine hata hakuigusa. Mume alimhudumia na kukaa palepale alipozoea, kwenye kigoda chake kushoto kwa kitanda, karibu na mlango, na mkewe hakumtupia jicho hata moja. Lakini Kayembe, aliyejifunza tiba ya sindano kwa daktari Mchina huko Lubumbashi, avute tu kiti upande wa pili na kusema, "Mama, habari?" Ngalula alimgeukia na kutabasamu kwa nusu ya mdomo. Loo, tabasamu lile! Nyembo alitamani kulichukua kwa nguvu.

Jumanne moja Kayembe alichoma sindano nyembamba kwenye mkono wa kushoto, gotini na kifundoni, kisha akarudi kitini kwake. Kidole gumba cha mkono ule kikatikisika. Nyembo angeshangilia, kama asingemsikia mkewe akimuuliza mwanaume mwingine:

"Dokta, Papa Gisèle iko wapi? Aliniacha?"

Papa Gisèle alikuwa nani kama si yeye, aliyekaa hatua moja tu kutoka kwenye mto wake? Damu ikampanda.

"Toa sindano zako, toka kwangu!" alifoka. "Bibi yangu ananizarau, na ni weye unamufundisha!"

Kayembe hakuinuka.

"Papa, mu sahani, anaachaka bukari ya upande gani?"

Nyembo alizikumbuka sahani zote alizoosha. Siku zote ilibaki ya kushoto.

"Kiharusi ilimuibia ule upande," Kayembe alisema. "Kwake kule hakuna mukono, hakuna mulango, hata sauti haimufikie, na weye hauko. Kuya hapa, papa."

Aliondoka kitini. Nyembo alizunguka kitanda, hasira bado zikimchemka, akaketi. Ngalula akamwona. Nusu ya uso wake ikachangamka, halafu machozi yakamtoka.

"Papa Gisèle! Ulikuwaka wapi siku yote hii?"

Nyembo aliiweka kando miezi mitatu ya mabeseni, masufuria na mashuka.

"Nilikuwa mu njia, Mama Gisèle."

Kayembe alitoa sindano moja moja. "Zinaamsha mukono," alisema. "Sasa papa, urudie kule pole pole, ukimuita. Akufuate na macho, ajifunze tena ule upande."

Nyembo alikitazama kigoda chake karibu na mlango. Kisha akaushika mkono wa kulia wa mkewe, akaufumbata kwa mikono yake yote miwili.

"Leo hapana, dokta," alisema. "Acha kwanza anione."