Mpaka Ipate Moto

Mume hakutaka redio ile ya gari itengenezwe. Alisema wauze gari kama lilivyo. Lakini mnunuzi alikuwa mpenda magari ya kale, aliitaka redio yake ileile ya valvu, na iimbe. Mke akang'ang'ania, wakaibeba wote wawili mpaka kwa fundi.

Ilikuwa imenyamaza miaka kumi na tisa. Gari lilikuwa na siku mbili tu nyumbani, yeye mke hajapanda hata mara moja, siku mume aliporudi nalo kinyumenyume getini akamkanyaga mtoto wao wa pekee. Mama alitoka jikoni mbio aliposikia kishindo, na kilichompokea ni wimbo wa mapenzi ukitoka garini. Mume aliapa mbele ya askari na mbele ya wakwe: alikuwa anatazama nyuma, redio imezimwa, mtikisiko wa kugonga ndio ulioiwasha. Kesho yake akazikata nyaya za redio. Mama alimwamini. Angeishi naye vipi bila kumwamini? Dada zake walipoanza kunong'ona, aliwakata kauli, na mmoja hawajasemezana hadi leo.

Fundi, mzee wa miwani iliyofungwa uzi na mdomo usiopumzika, alibadilisha kapasita mbili, akachomelea waya, akaiunga redio kwenye betri mezani.

"Haya, mama, washa mwenyewe. Wewe ndiye mwenye hamu."

Akazungusha kitufe. Ukasikika mvumo mdogo tu.

"Bado mbovu," akasema.

Fundi akacheka. "Mama naye. Hii si simu. Chungulia, unaona valvu, hivi vitaa vya kioo, zinavyoanza kuwa nyekundu? Mpaka zipate moto ndipo iseme. Nusu dakika hivi."

"Hata ikigongwa kwa nguvu? Haiwezi kuanza palepale?"

"Hata uipige nyundo. Ukiikuta inaimba, ujue iliwashwa kitambo."

Mama akahesabu. Kutoka jikoni mpaka getini ni hatua kumi na mbili, kwa mbio hazifiki nusu dakika; alizijua kuliko jina lake. Mumewe alikuwa ameinama, anatazama viatu.

Redio ikakoroma, kisha mtu akasoma habari za mvua. Fundi akaanza kutafuta stesheni nyingine, macho yote kwenye mshale. Kiwiko chake kikaangusha kikombe cha chai, naye hakukiona.

Mama alikiona. Akamgeukia mumewe bila kupandisha sauti.

"Ulikuwa unatafuta stesheni gani?"

Fundi akapunguza sauti ya redio, akidhani anaulizwa yeye.

"Ile yako," mume akasema. "Ya nyimbo. Nilitaka ukitoka uikute inaimba."

Na ndivyo alivyoikuta.