Mwenye Jina la Edwin Tordoff

Kwa miaka thelathini na tisa Edwin Gale alitamani kumwona mwizi wa jina lake. Mwizi ni neno lake mwenyewe. Ukweli ni kwamba yule mtu alitangulia tu. Chama cha waigizaji hakikuruhusu wawili watumie jina moja, na siku kijana Edwin Tordoff wa Keighley alipokwenda kujiandikisha, karani alimkatiza: "Tordoff tunaye. Tafuta jingine, upesi, foleni ndefu." Nje ya dirisha lilikuwa limeegeshwa lori la kuhamisha samani lililoandikwa Gale. Basi akawa Gale.

Jina la lori likamtoa kimaisha. Aliigiza polisi na makasisi, kisha akaanza kuandika filamu za televisheni, akasifiwa. Asiyeridhika alikuwa mama yake tu. "Gale ndiye nani?" aliuliza kila jina lilipopita kwenye kioo. "Mimi na marehemu baba yako tulizaa Tordoff."

Sasa mama alikuwa na miaka themanini na minane, moyo wake mbovu, na filamu mpya ya Edwin ingeonyeshwa Krismasi. Alitaka mama alione jina la nyumbani, mara moja tu. Ila mwenye nalo sharti aliachie kwa maandishi. Na huyo mwenye nalo ni nani hasa? Edwin hakuwahi kumwona jukwaani wala kwenye tangazo. Akamwandikia kupitia chama, akaalikwa nyumbani kwake, mji wa Morecambe, akaenda na fomu ya kuliachia jina mfukoni.

Alifunguliwa mlango na mzee mfupi, mgongo umepinda. "Wewe ndiye Tordoff mwenzangu? Ingia, birika liko motoni."

Edwin hakuweza kungoja chai. "Samahani mzee, uliigiza wapi? Nimekutafuta maisha yangu yote."

"Farasi. Ile michezo ya vichekesho ya Krismasi. Farasi wa kitambaa, watu wawili ndani. Mimi miguu ya nyuma."

"Miaka mingapi?"

"Thelathini na minne. Wa mbele walibadilika saba. Mmoja alipenda maharagwe, Mungu amsamehe."

Edwin alicheka mpaka machozi. Mzee akamwonyesha vijitabu vya maonyesho, jina lake mwishoni kabisa, kila mwaka.

"Sijajitoa chamani," alisema. "Huenda wakapiga simu, safari hii wakataka uso." Akautazama mfuko wa koti la mgeni. "Hiyo karatasi nisaini? Lete kalamu."

"Tiketi tu ya treni," alisema Edwin. Katika treni hiyohiyo, akirudi, alitoa mswada wa filamu, iliyokuwa haijaanza kupigwa, akaongeza nafasi ya mzee anayengoja basi kwenye benchi.

Krismasi alikaa na mama mbele ya televisheni. Majina yakapita, na mama akamshika mkono. "Edwin Tordoff! Umelirudisha, mwanangu!"

Ingetosha kuitikia kwa kichwa. Furaha hiyo ya mama ndiyo aliyoikusudia, na roho ilimuuma kuiacha. "Si mimi, mama. Ni yule mzee wa kwenye benchi. Jina ni lake."

Mama aligeukia tena televisheni. "Yule mwenye kofia, aliyesema basi limeshapita?"

"Ndiye."

"Kawashinda wote. Ana watu?"

"Hana."

"Basi mlete Jumapili ale kwetu. Na mwambie avue ile kofia, nimwone uso vizuri."