Kibuyu cha Peke Yake

Waulize watu wa Rulenge habari za miaka ya wakimbizi, watakuambia kuni ziliisha, mbuzi waliibiwa, barabara iliharibiwa na malori. Koleta ukimuuliza atanyamaza. Yeye miaka ile aliipenda, na jambo kama hilo mtu hulisemaje mbele za watu?

Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na kifafa tangu utotoni. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilishikana siku alipoanguka motoni. Kijijini nani hakumjua? Pombe ya mtama ikiiva, watu walizunguka chungu kimoja, mrija ukapita mdomo hadi mdomo, naye Koleta akawekewa kibuyu chake pembeni. Wala hawakuwa na roho mbaya, jamani. Waliamini tu kwamba mate yake yanaambukiza. Mama yake ndiye aliyekiosha kibuyu kile, tena kwa upendo, na hilo ndilo lililomuuma Koleta kuliko yote.

Katika kambi ya wakimbizi, sasa, hakujulikana. Alipeleka ndizi kubadilishana na mahindi ya mgao, akakutana na Niyonsaba, Mrundi wa rika lake, mdomo kama cherehani. Siku hiyohiyo Niyonsaba alimketisha kwenye chungu cha majirani, akanyonya, akafuta ncha ya mrija kwa kiganja, akampa. Koleta alinyonya mpaka machozi yakamtoka. Wakamcheka, wakidhani pombe imemzidi.

Miezi minane alikwenda na kurudi, akimeza vidonge vyake kwa siri, akiomba ugonjwa usimwaibishe pale. Ukamwaibisha. Alipozinduka alikuwa chini, sketi imelowa, na wanawake wawili waliokuwa kwenye chungu wamekwisha kuondoka. Niyonsaba alikuwa amempakata kichwa.

"Ungeniambia," alisema, amenuna kwelikweli. "Ningekukalisha mbali na moto."

"Ningekuambia, ungenipa mrija?"

Niyonsaba alifikiri kidogo. "Sijui," akasema.

Kisha akamwinua, akamfunga kitenge chake kiunoni kuficha unyevu. Akauokota mrija, akanyonya yeye kwanza, akampa. Koleta aliupokea kwa mkono ule wa kovu, ambao siku zote aliuficha.

Baada ya hapo hakuficha tena kitu kwa Niyonsaba, wala hakupata mwingine kama yeye. Alicheka kambini kuliko alivyowahi kucheka kwao.

Redio zikaanza kutangaza mazungumzo ya amani ya Burundi. Niyonsaba akawa hazungumzi lingine ila shamba la baba yake, migomba yao, mto wa kwao. Koleta alimsikiliza, akamfurahia, na roho yake ikasononeka.

Jumapili padri aliwaalika waumini wawaombee Warundi warudi kwao salama. Koleta alipiga magoti na wenzake, akaitikia amina kwa sauti. Moyoni aliomba, Mungu amsamehe, amani yao ichelewe.