Chachu ya Marehemu Mama

Tangi lilianza kunuka tena: unga ulioumuka kwenye chungu, jikoni kwa marehemu mama yake. Binti alisimama na kalamu mkononi, vinyweleo vimemsimama.

Ndani ya tangi hamkuwa na unga hata chembe. Kulikuwa na maji, molasi, na hamira aliyoilea mwaka mzima kwa ajili ya shahada yake ya uzamili katika bioteknolojia ya viwandani. Kazi ya hamira hiyo ilikuwa moja, kugeuza sukari kuwa asidi ya kutengenezea plastiki inayooza. Haikupaswa kunuka mkate.

"Unasikia harufu?" alimwuliza fundi wa maabara.

Fundi alivuta pua. "Nasikia njaa. Dada, tangi lako limepata mgeni."

Aliweka tone chini ya hadubini. Kati ya seli zake za mviringo zilikuwamo nyingine ndefu, zimeshikana mikono kama watoto wanaocheza mduara. Zilezile za mara iliyopita.

"Tulichemsha tangi kwa mvuke, na mabomba yote. Zimepita wapi?"

"Mimi sijui. Matangi ya wenzako ni safi. Hizi zinakutaka wewe."

Fundi alikuwa anatania, lakini maneno hayo yalimshuka mgongoni kama maji ya baridi. Tangu wamzike mama, kila alipokuwa peke yake na matangi alihisi mtu amesimama nyuma yake, anasubiri amalize apishe jiko.

Profesa hakumzungusha. "Nakupa tangi mara moja tu tena, binti yangu. Likichafuka tena, muda wako umekwisha, nafasi anapewa mwingine. Utarudi nyumbani bila shahada."

Nyumbani aliishi na mdogo wake, kwenye nyumba aliyoiacha mama. Mama alikuwa mwoka mikate. Chachu yake ilikaa kwenye chungu chenye kifuniko, na kila asubuhi aliilisha unga kabla yeye hajanywa chai. Maabara ilikuwa na sheria: anayefuga chachu nyumbani haingii chumba cha matangi. Kwa hiyo tangi lilipochafuka mara ya kwanza, alimwagiza mdogo wake aichemshe, aimwage. Mdogo wake alimwambia tayari.

Jumapili, kama kawaida, aliketi sakafuni kati ya magoti ya mdogo wake asukwe. Vidole vilipopita kichogoni, harufu ikaja. Alihisi mama ameinama nyuma yake, pumzi karibu na sikio. Aligeuka ghafla, akaudaka mkono ulioshika kitana. Chini ya kucha palikuwa na unga mkavu, mweupe.

"Uliniambia umemwaga."

"Nilimwaga nusu."

"Kila wiki unanipaka kichwani, nami naipeleka hadi kwenye tangi. Unataka nifukuzwe?"

"Siku aliyokufa aliniita, nikadhani ananiaga. Akaniuliza, imekula? Hakuuliza kama mimi nimekula, dada. Sasa niiue mimi?"

Aliinuka, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imetimka. Halafu akasema, "Lete mkasi na wembe, uninyoe zote. Kisha uende na hicho chungu hadi getini kwa fundi. Mimi sikigusi."

Fundi alikipokea kwa glavu. Alichota chachu kidogo, akaichanganya kwenye vichupa na gliseroli, kimiminika cha kuzikinga seli na baridi, akavitia kwenye friza kubwa ya maabara, ile inayogandisha mpaka mlango unatoa moshi.

"Humu hazifi, zinalala tu," alisema. "Niandike za nani?"

"Andika Mama," binti alijibu.

Fundi alikitazama kipara chake. "Sasa unafanana na tangi lenyewe."

Mdogo wake alichemsha chungu, taulo, vitana, hata mapazia ya jikoni. Safari hii tangi lilikwenda mpaka mwisho. Profesa aliangalia matokeo, akamwambia aanze kuandika tasnifu. Yeye alibaki ameegemeza pua kwenye bomba la hewa, akinusa, akinusa. Hakukuwa na kitu. Alikuwa amepata alichokitaka, na macho yakamlowa.

Kesho yake alfajiri aliamshwa na mlio wa jikoni. Kifuniko cha debe la unga kilifunguka. Kimya kidogo. Kikafungwa.

"Acha mazoea," alisema kwa usingizi. "Hakuna cha kulisha tena."

Sauti ya mdogo wake ilitoka kitanda cha pili, humohumo chumbani. "Nilidhani ni wewe."

Wakalala macho, wanasikiliza. Kifuniko kikafunguka tena.

"Anaitafuta," mdogo wake akanong'ona. "Wewe ndiye msomi. Mwambie iko wapi."

Alikaa kitandani, akakohoa kidogo kusafisha koo, kama anayejiandaa kuitetea tasnifu yake.

"Mama," alisema kuelekea jikoni. "Imelala. Haina njaa."

Walisubiri. Baada ya muda, kifuniko kikafungwa taratibu.