Uzito wa Viatu Vyepesi

Msimamizi alikiweka kiatu cha mbio ndefu juu ya mizani, akakunja uso.

"Bado kizito. Punguza."

Mbandika soli alikichukua. Akabandua soli, akapaka gundi nyembamba zaidi, akaibana kwa viganja mpaka ikashika. Kiatu kikarudi mizanini kikiwa chepesi. Kigoda alichokalia mbandika soli kikaguna.

Hakuna aliyegeuka. Uzito ukitolewa kwenye kiatu lazima uende mahali, na pale kiwandani ulimwingia anayebana soli. Ndiyo maana wabandika soli walishushwa kutoka ghorofani, wakawekwa chini kwenye sakafu ya saruji. Hapa na pale sakafu ilikuwa na viraka vya mviringo, saruji mpya juu ya kuukuu. Wanawake walivipita kando, kama mtu anavyompita aliyelala.

"Shoga, mbona umekuwa mzito?" aliuliza mshonaji wa meza ya jirani. "Kuna habari njema?"

"Habari yenyewe viatu."

"Basi baba mtoto ni msimamizi!"

Wakacheka mpaka sindano ya mshonaji ikakatika.

Mbandika soli alikuwa na mdogo wake mkimbiaji, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alikuwa amemwahidi kwamba siku ya mbio kubwa atasimama kwenye utepe wa kumalizia, ampokee. Viatu vya siku hiyo vilipofika mezani alivitambua: mguu mwembamba, nafasi ya kidole kilichoinama. Alivibandika, na mizani ikavikubali. Angeweza kuishia hapo, akabaki na miguu ya kumfikisha kwenye utepe. Akavibana tena. Halafu tena.

Alipotaka kuinuka aende zake, sakafu ilikuwa imeshamfika magotini.

Mbio alizisikia redioni. Mdogo wake aliwaacha wenzake mapema, akamaliza peke yake. Mtangazaji alisifu viatu kwanza, kisha mkimbiaji.

Mdogo wake alikuja moja kwa moja kiwandani, viatu vikiwa bado miguuni. Saruji ilikuwa imemfika dada yake kiunoni.

"Dada, sikukuona kwenye utepe."

"Kazi ilinibana, mdogo wangu."

"Nipe mkono, twende nyumbani."

Akavuta. Dada hakusogea hata kidogo. Ila visigino vya mdogo viliacha sakafu, kisha vidole, akawa ananing'inia hewani kama nguo kambani. Dada akamshusha taratibu, akamfunga vizuri kamba za viatu, kama alivyokuwa akimfunga utotoni.

"Pita karibu na ukuta," alimwambia. "Nje kuna upepo."

Msimamizi alisubiri waagane, maana hakuwa mtu mbaya. Kisha akasogeza kasha jingine la viatu mpaka pale mikono ya mbandika soli ilipofikia. Nyuma yao fundi alikuwa ameanza kukoroga saruji, kidogo tu, ya kutosha kiraka kimoja.