Ovaroli ya Sifaeli

Hanna aliifua ovaroli mara tatu, akaipiga pasi ya mkaa, akaikunja kama kitambaa cha madhabahu. Mtu haendi kwa wakili, Ngarenaro, na nguo inayonuka dawa! Mwenye ovaroli, mumewe Sifaeli, alikuwa nyumbani kitandani. Alipuliza dawa ya wadudu kwenye shamba la maua Nduruma miaka tisa, mpaka mapafu yakamgomea.

Wakili Catherine alimwamkia shikamoo, akafungua mfuko wenye ovaroli, akainusa.

"Mama, umeifua?"

"Kwa sabuni ya unga. Mara tatu!"

"Nilimwambia baba hii ya siku yake ya mwisho kazini ije kama ilivyo. Kampuni inasema alipuliza mbolea tu, na ovaroli nyingine zote wamezichoma. Sasa mkemia atapima nini?"

Sifaeli alimwambia Hanna asiifue, tena kwa kukazia. Yeye ndiye aliyeona aibu kuileta chafu. Kesi ameizamisha kwa mikono yake mwenyewe! Akaigonga meza kwa hasira, viganja vyote viwili.

Catherine akavitazama. Ngozi ilikuwa imebabuka hadi vifundoni, kucha mbili hazipo.

"Hii mikono imeanza lini?"

"Hii? Ni sabuni tu. Nilifua ovaroli zake kila jioni, tangu aajiriwe mpaka alipougua."

"Bila glavu?"

"Glavu! Hata mpuliza dawa mwenyewe hakupewa, sembuse mimi?" Akakohoa kwa muda mrefu, kikohozi kilekile alichokiacha kitandani nyumbani.

Catherine alisubiri kiishe. Kisha akasogeza pembeni faili la Sifaeli, akachukua karatasi mpya.

"Jina lako kamili, mama."